Je, Ni Vema Kumwachia Mtoto Ashinde?

Mwongo anayewadhulumu wenzake hulaumiwa na watu wote. Lakini uko uongo mwingine ambao wengi huusifu, nao ni ule unaotokana na huruma. Jirani humwambia mgonjwa kwamba uso wake umependeza leo, hali aona vingine. Mzazi husifu kazi ambayo mtoto ameiharibu, ili mtoto asilie. Je, uongo wa namna hiyo una ubaya gani? Jambo hili lafaa kuchunguzwa kwa makini, na mchezo wa watoto waweza kusaidia kulieleza.

Msomaji na amfikirie mwalimu wa shule ya msingi huko Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Edward. Masomo yakiisha, huwakusanya watoto chini ya mti na kuwafundisha sataranji. Mchezo huu wa kale ulianzia Bara Hindi, ukapita Uajemi na Arabuni, kisha ukaenea duniani kote. Huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye miraba 64. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme, malkia, maaskofu wawili, farasi wawili, ngome mbili na askari wanane. Atakayemshambulia mfalme wa mwenzake na kumfungia njia zote za kuokoka ndiye mshindi. Hapana bahati nasibu ndani yake, wala hapana kete iliyofichwa; yote yako wazi mbele ya macho ya wote wawili.

Kati ya watoto hao yumo mmoja aliyekuja ziwani pamoja na bibi yake, wakiyakimbia mauaji yaliyoipata nchi ya Beni tangu mwaka 2014. Kila siku mtoto huyu hushindwa, na kila siku huondoka ameinamisha kichwa. Leo anacheza na mwalimu mwenyewe. Mwalimu aona wazi kwamba akisogeza ngome yake, mchezo umekwisha. Ndipo moyo unapomwambia: “Jifanye hukuiona njia hiyo. Mtoto atashinda, atacheka, na hapana atakayeumia.”

Kwanza yapasa kukiri kwamba sauti hiyo haitoki katika moyo mbaya. Huruma ni tunda la upendo. Tena Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipofundisha juu ya uongo, alitenga uongo wa kuumiza, uongo wa kusaidia na uongo wa mzaha, akasema kwamba ule wa kuumiza ndio mzito zaidi. Hata hivyo hakusema kwamba aina nyingine ni njema. Naye Mtakatifu Agostino, aliyeandika vitabu viwili juu ya jambo hili, hakukubali hata uongo wa kumsaidia mtu.

Lakini mtu aweza kuuliza: Je, katika mchezo wenyewe hamna hila? Mchezaji humtegea mwenzake mtego, wala haitwi mwongo. Jibu ni hili: wachezaji wamepatana tangu mwanzo kwamba kila mmoja atajitahidi kushinda, basi mtego umo ndani ya mapatano yao. Bali mwalimu anayeshindwa makusudi huyavunja mapatano hayo kwa siri. Mtoto adhani anapambana na akili ya mwalimu, kumbe anapewa sadaka asiyoijua.

Na madhara yake ni nini? Wavuvi wanayajua. Baba akisifu fundo la mwanawe hali fundo ni legevu, mtoto hufurahi siku hiyo pwani. Lakini ziwa halimwonei mtu haya. Upepo ukivuma usiku, fundo litafunguka, na wavu utapotea pamoja na samaki wake. Hali kadhalika mtoto wa sataranji: kesho atacheza na mwenzake, atashindwa upesi, na atatambua ya kuwa furaha ya jana haikuwa yake. Tangu hapo, hata mwalimu akimsifu kwa haki, hataamini. Uongo wa huruma umeharibu hata maneno ya kweli yatakayofuata.

Tena kuna dharau iliyojificha ndani yake. Amfichaye mtoto ukweli kwa kudhani hawezi kuuchukua, amemhesabu kuwa mnyonge daima.

Je, basi mwalimu amponde mtoto bila huruma? Hasha. Iko njia ya tatu, nayo ni desturi ya kale ya wachezaji wa sataranji. Kabla ya kuanza, mwalimu aondoe malkia wake, ambaye ndiye kete yenye nguvu kuliko zote, amwambie mtoto: “Leo nacheza bila malkia, kwa kuwa wewe ungali unajifunza.” Kisha acheze kwa akili zake zote. Mtoto akishinda, ameshinda kweli. Akishindwa, aonyeshwe mahali alipokosea. Mzee atembeaye na mjukuu hupunguza mwendo, lakini hajifanyi kiwete.

Huko Katwe, mtaa wa maskini mjini Kampala, Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, alifundishwa kwanza na mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 alikwenda Urusi kuichezea Uganda katika mashindano ya mataifa, akashindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Hakuacha. Mwaka 2012, katika mashindano kama hayo mjini Istanbul, alistahili cheo cha kimataifa. Wageni wale hawakumwachia ashinde, nacho cheo chake kilikuwa cha kweli.

Mkatekumeni na atazame sasa fumbo kubwa la imani. Mwana wa Mungu alipotaka kutuinua, hakujifanya mtu kwa maigizo. Walikuwako zamani watu waliofundisha kwamba mwili wake ulikuwa kivuli tu, na Kanisa likayakataa mafundisho hayo. Alijinyenyekeza kweli, akaona njaa kweli, akafa kweli. Huruma ya Mungu yashuka mpaka kwa mnyonge, wala haimdanganyi.

Kwa hiyo katekista asimwambie mtu, “Uko tayari kwa ubatizo,” hali ajua kwamba bado hajapatana na ndugu yake. Afadhali amwongezee muda, amtembelee nyumbani, aende pamoja naye kwa huyo ndugu. Hayo ndiyo kuondoa malkia ubaoni: kujitwika mzigo ili mwenzako aweze, wala si kumsifia ushindi asioupata. Na mkatekumeni anayeahirishiwa asidhani ya kuwa amechukiwa. Mtakatifu Teresa wa Avila, ambaye alitumia sataranji kuwa mfano alipowaeleza watawa wake unyenyekevu, alifundisha pia kwamba unyenyekevu ni kutembea katika kweli. Anayekubali kuambiwa pale alipopungukiwa amekwisha kuanza safari, na Bwana mwenyewe anatembea naye.