Mchezo wa Vita na Vijana Wetu wa Garissa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, tumeletewa suala kutoka Garissa, nalo tumeona lawahusu pia watu wa Mombasa, Malindi na Lamu. Kwa hivyo twalijibu hapa ili kila mtu anufaike. Muulizaji asema kuwa vijana wa mtaani kwao wameshikwa na mchezo wa vita unaochezwa kwa simu na katika mabanda ya michezo ya video. Hukusanyika makundi kwa makundi wakashindana hatta usiku wa manane. Mzee mmoja amesema ni haramu, na simu zao zivunjwe. Mwengine amesema ni upuuzi wa watoto, waachiliwe. Muulizaji ataka kujua haki iko wapi.

Twasema: kwanza tuujue mchezo wenyewe, kwani kukihukumu kitu kabla ya kukijua ni dhulma. Mchezo huu si kama bao letu, wala si kama shax ya Wasomali, ambayo wachunga ngamia huichora mchangani, kila mmoja akashika mawe yake 12. Katika bao na shax kila mtu hungoja zamu yake. Katika mchezo huu hapana zamu: pande zote hwenda kwa wakati mmoja, na mwenye kusitasita hupigwa. Mchezaji huuona uwanja kutoka juu, kama aonavyo ndege, akaamrisha: hawa wasonge mbele, hawa wakae kilimani, vifaru vizunguke nyuma. Na ukichezwa kwa makundi, mmoja hushika askari wa miguu, mwengine mizinga, mwengine upelelezi. Asiyewasikiliza wenzake huliangamiza kundi zima. Michezo ya namna hii ilipata sura yake ya leo mwaka 1992, ulipotoka Marekani ule uitwao Dune II, na tangu hapo imezaana mno.

Ama hukumu yake, asili ya mambo ya dunia ni uhalali mpaka ije dalili ya kuyakataza. Mahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) siku ya Idi, Sayyidna Umar akataka kuwazuia, na Mtume akaamrisha waachwe. Basi kucheza kwa mfano wa vita si jambo geni katika Uislamu. Na mchezo ulio karibu zaidi na huu ni sataranji, ambayo nayo ni vita vya akili. Wengi wa wanavyuoni wa madhehebu matatu wameiharamisha. Ama wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu sisi watu wa pwani na ndiyo ya ndugu zetu Wasomali, waliyoitegemea ni kuwa ni makruhu. Lakini ikimpitishia mtu wakati wa sala, au ikichezwa kwa kuwekeana mali, huwa haramu.

Tukiupima mchezo huu kwa mizani hiyo, tutaona kuwa mzee wa kwanza amepita mpaka, na wa pili amelala. Mwenye kuharamisha asichokiharamisha Mwenyezi Mungu hana tofauti na mwenye kuhalalisha alichokiharamisha. Lakini tazameni yanayopita mabandani. Aliyeshindwa ndiye alipaye ada ya wote wawili: hiyo ni kamari, ijapokuwa ni shilingi kumi, na ijapokuwa wenyewe hawaiiti kamari. Adhana ya magharibi yalia, na kijana asema, "Ngoja tumalize vita hivi"; vita vyamalizika isha imekwisha adhiniwa. Na yule aliyekesha usiku kucha, alfajiri yampita kitandani. Haya ndiyo ya haramu, na haya ndiyo ya kukatazwa, kwa majina yake, wala si simu.

Kisha atazame mzazi ni nini kilichomo ndani ya mchezo. Mwaka 2003 ulitoka mmoja uitwao Command & Conquer: Generals. Una majeshi matatu: la Marekani, la Uchina, na la tatu ni kundi la kubuni lililopewa sura za watu wa Mashariki ya Kati, na katika watu wake wamo wanaojifunga mabomu wakajiripua. Ujerumani iliuzuilia mchezo huo usiwafikie vijana, hatta ikatolewa nakala nyengine ambayo ndani yake watu wamefanywa mashine. Zingatieni, ndugu zetu: kijana wa Kiislamu akiushika upande huo, afundishwa kuwa kujiua ni mbinu kama mbinu nyengine, hali dini yake yamwambia kuwa mwenye kujiua ameingia katika dhambi kubwa. Na akiushika upande wa pili, afundishwa kumlenga mtu kwa kilemba chake. Huko kote hapana kheri.

Huenda mtu akasema: "Hiyo ni michezo tu, yamdhuru nani?" Twamjibu: wenye majeshi hawasemi hivyo. Jeshi la Marekani lilitoa mchezo wake wa vita mwaka 2002, likaugawa bure, kusudi liwavute vijana waandikishwe, na halikuufunga illa mwaka 2022. Ikiwa dola kubwa imejua kuwa moyo wa kijana waingilika kwa mlango huu, mzazi wa Garissa asijidanganye kuwa mlango haupo.

Hatusemi kuwa mchezo ndio uliozaa wauaji; huo ungekuwa uzushi. Tarehe 2 Aprili 2015, waliposhambulia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakauawa watu 148, wengi wao wanafunzi, mmoja wa wauaji alikuwa kijana wa huku huku Kaskazini Mashariki aliyesoma sheria hatta akahitimu. Hakuvutwa na mchezo wa simu. Alivutwa na watu waliomfanya azione roho za wanadamu kuwa ni vipande vya mchezo. Hapo ndipo penye hatari tunayoisema.

Kwani katika mchezo, askari akifa huagizwa mwengine. Mji ukiteketea, hubonyezwa kitufe ukasimama upya. Lakini Garissa si mji wa kufundishwa vita na simu. Wazee wake waliona vita vya Shifta kuanzia 1963 hatta 1967. Wakaona nyumba za Bulla Karatasi zikichomwa Novemba 1980. Na jirani zao wa Wajir wakaona ya Wagalla Februari 1984, watu walipokusanywa katika uwanja wa ndege. Wafu hao hapana hata mmoja aliyeagiziwa badala yake. Mama aliyefiwa na mwanawe hakuanza upya. Na Mwenyezi Mungu amekufanya kuiua nafsi moja bila haki kuwa kama kuwaua watu wote. Kijana asiyefundishwa tofauti hii nyumbani, atakuja mtu mwenye ulimi mtamu amwambie kuwa kundi limemngoja, jemadari yupo, na bunduki ni tayari.

Lakini, ndugu zetu, tusiwe vipofu wa kheri iliyomo. Mchezo huu wafundisha kushikana. Je, mwajua ni nini kilichotufikisha tulipofika siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra? Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale 50 kilimani, amiri wao akiwa Abdallah bin Jubair, akawaamuru wasiondoke wakiona tumeshinda au tumeshindwa. Walipoona ngawira, wengi wao wakateremka. Amiri wao akawakataza, wasimsikilize. Khalid bin Walid, naye siku hizo hajasilimu, akazunguka nyuma kwa farasi zake, na Waislamu kiasi cha 70 wakauawa, akiwamo Sayyidna Hamza. Kijana wa Garissa ayajua haya kwa vidole vyake: mwenzako akiacha kilima kwa tamaa, nyote mwaangamia. Mwalimu wa duksi akimwanzia hapo, atamsikiliza kuliko akimwanzia kwa bakora.

Na mfano wa karibu zaidi upo. Tarehe 21 Disemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wauaji wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Walikuwamo waliowapa wanawake wa Kikristo mitandio yao wajifunike, na wote wakashikamana wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi siku hiyo, akafa mwezi uliofuata, Januari 2016. Watu wale hawakuwa na jemadari wala mazoezi, na kila mmoja alikuwa na roho moja tu. Hiyo ndiyo timu. Kundi la kijana likiwa halimfundishi kumkinga aliye dhaifu, basi halina faida hatta likishinda kila usiku.

Basi nasaha yetu ni hii. Enyi wazazi, msivunje simu. Simu ikivunjwa, kijana atakwenda kwa jirani, na nyinyi mtakuwa mmemkosa yeye na simu. Kaeni naye, mwambieni awaonyeshe mchezo wake, muulizeni: adui huyu ni nani? Amekosa nini? Na wakati wa sala mchezo husimama vipi? Enyi wenye mabanda, fungeni milango kwa adhana, na ondoeni desturi ya aliyeshindwa kulipa. Enyi maimamu na walimu, wapeni vijana kazi ya kweli ya kushikana: wapangeni kuwapelekea maji na chakula waliohamishwa na mto Tana unapofurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023 na tena 2024. Anayeweza kupanga vikosi vinne usiku hashindwi kupanga mikokoteni minne mchana.

Nanyi vijana wetu, mwacheza mchezo usiongoja zamu. Jueni kuwa umri nao haungoji. Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati, akatujulisha kuwa mwanadamu yumo khasarani illa walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki na kusubiri. Tazameni: kuusiana hakufanywi na mtu peke yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wa Garissa, Wajir na Mandera, na wa pwani yetu yote. Awarehemu waliouawa kwa dhulma, awape subira waliofiwa, na atujaalie kuwa kundi moja katika kheri. Amin. Wallahu aalam.