Kufa Kufaana

Wahenga walisema, "Kufa kufaana." Methali hii ina pande mbili. Upande mmoja wasema kwamba kifo cha mtu humletea mwingine faida. Upande wa pili wasema kwamba msiba ndio wakati wa watu kufaana. Basi twauliza: Mkristo akiwalipa watu waoshe maiti ya ndugu yake, waivike na kuipeleka kaburini, je, amemtendea wema marehemu, au amemkimbia?

Biashara ya mazishi imekwisha kuingia katika miji yetu mikubwa, lakini asili yake yaonekana wazi zaidi huko Marekani. Zamani, Mmarekani aghalabu alifia nyumbani kwake. Wanawake majirani walimwosha na kumvika, seremala alitengeneza jeneza, na maiti ililazwa sebuleni mpaka saa ya kwenda kaburini. Ndipo vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Askari walikufa mbali na kwao, na jamaa walitamani miili irudishwe. Wakatokea watu waliojua kutia dawa katika mishipa ya maiti ili isioze upesi. Rais Abraham Lincoln alipouawa mwaka 1865, maiti yake ilitiwa dawa, ikasafirishwa kwa gari moshi kutoka Washington hadi Springfield, Illinois, na watu wengi sana wakaitazama njiani. Tangu hapo kazi hiyo ikapata sifa. Maseremala wauza majeneza wakaongeza magari ya farasi, kisha dawa, na mwaka 1882 wenye kazi hiyo wakaunda chama cha taifa. Katika karne ya 20, watu walipozidi kufia hospitalini, maiti ikaondoka sebuleni ikaenda katika nyumba ya mazishi yenye kikanisa chake cha ukumbusho, na ibada ikasomwa humo humo.

Hatusemi kwamba mambo hayo ni dhambi. Nikodemo alileta manemane na udi yapata ratli mia kwa maziko ya Bwana wetu, wala hakulaumiwa kwa gharama. Tena, afanyaye kazi hii kwa uaminifu astahili ujira wake. Lakini tukumbuke kwamba Nikodemo alikuja mwenyewe, pamoja na Yusufu wa Arimathaya.

Hatari iko hapa: mfiwa hawezi kupatana bei. Mtu anayelia hahesabu fedha vizuri, naye huogopa kuonekana hakumpenda marehemu. Mwaka 1963 Jessica Mitford, mwandishi mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Marekani, alitoa kitabu cha kuifichua biashara hiyo. Mwaka 1984 ikaanza kutumika kanuni ya serikali ya kuwalazimisha wenye nyumba za mazishi kutaja bei ya kila kitu, na kuwakataza kudanganya kwamba sheria yadai maiti itiwe dawa mahali isipodai.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, mfiwa asiende peke yake kununua jeneza. Afuatane na jirani mwenye macho makavu, anayeweza kusema, "Hili latosha." Pili, tusipimane upendo kwa ubao na vishikio vya shaba. Makanisa mengi hufunika jeneza kwa kitambaa, na kitambaa hicho hulifunika la tajiri na la maskini sawasawa. Maneno ya Kitabu cha Sala nayo ni yale yale kwa wote. Tatu, tukilipia kazi ya kuosha na kubeba, tusidhani tumemaliza. Kukesha na mjane, kumchotea maji, kuwapikia watoto wake, na kurudi kumwamkia baada ya matanga kwisha, hayo hayauzwi katika nyumba yoyote ya mazishi.

Aliyelipa na akakaa na wafiwa hakumkimbia ndugu yake. Aliyelipa akaenda zake, huyo amemkimbia, hata jeneza likiwa la thamani namna gani. Kila mmoja wetu na atazame ni upande gani wa methali anaousimamia.