Jirani Yako Ameamkaje?

Asafiriye kutoka Morogoro kwenda Dodoma kwa barabara kuu hana budi kupita Gairo. Hapo magari husimama, abiria hununua viazi vitamu vilivyoupatia mji huo sifa nchini kote, kisha safari huendelea. Wengi wetu twaijua Gairo kwa dakika hizo chache tu. Walakini wako watu waliomaliza safari nyingine iliyo ndefu zaidi, yaani safari ya kazi, wakachagua kukaa hapo, karibu na milima ya Ukaguru. Gairo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Kama ilivyo katika miji mingine mingi ya nchi yetu, pembeni mwake huongezeka nyumba mpya, na miongoni mwa wenye nyumba hizo wamo walimu, wauguzi, makarani na askari waliostaafu. Juu ya wazee hao, na juu ya sisi sote tuishio karibu nao, twataka kusema neno leo. Jambo lenyewe ni dogo machoni pa wengi: ni salamu.

Kwa kawaida mtumishi wa serikali katika nchi yetu huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na hulazimika kustaafu akiwa na miaka 60. Tena Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamhesabu mtu kuwa mzee tangu umri huo huo wa miaka 60. Basi siku aagwapo kazini ndiyo siku ahesabiwapo mzee. Hebu tufikiri maana yake. Mwalimu huyu kwa miaka thelathini na zaidi alisalimiwa kila asubuhi na darasa zima lililosimama wima. Muuguzi huyu aliitwa kwa jina lake tangu mlango wa wodi mpaka kitanda cha mwisho. Kesho yake wameamka, na hakuna sauti. Pensheni itawalisha, tena si wote waipatao ya kutosha. Lakini pensheni haimwulizi mtu ameamkaje.

Kwa nini salamu hupungua mahali ambapo watu wana nafasi nyingi ya kusalimiana? Sababu tuzionazo ni tatu.

Ya kwanza ni raha yenyewe. Gairo imeijua shida ya maji kwa miaka mingi. Penye shida ya maji watu hukutana kisimani au bombani, na foleni ya ndoo huwa pia foleni ya salamu. Huko mtu hujua ni nani aliyejifungua, ni nani mwenye homa, na ni nani ambaye hakuonekana tangu juzi. Mzee aliyejitahidi akaweka tangi lake uani, akajenga ukuta na geti la chuma, hakutenda dhambi yo yote. Maji karibu ni neema, na wezi wapo. Lakini ajue kwamba ukuta uzuiao mwizi huzuia pia sauti ya jirani. Salamu iliyokuwa ikija yenyewe, sasa yambidi aifuate.

Ya pili ni cheo. Katika mtaa mmoja huweza kukaa aliyekuwa mkuu wa shule, na hatua chache kutoka kwake aliyekuwa mlinzi au mpishi. Wa kwanza angoja asalimiwe, maana ndivyo alivyozoea. Wa pili naye asema moyoni, “Sasa sote ni wastaafu, kwa nini nianze mimi?” Hivyo wapita njia moja mwaka mzima, kila mmoja akitazama upande wake. Bwana Wetu Yesu Kristu aliwaonya wafuasi wake juu ya watu waliopenda kusalimiwa sokoni na kukalia viti vya mbele. Hakukataza kusalimiwa; alikemea moyo ule utakao heshima bila kuitoa.

Hapa na tumkumbuke Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Alipoacha urais mwaka 1985 alikwenda kuishi Butiama, kijiji alichozaliwa, akalima shamba kama wanakijiji wenzake, naye akabaki kuitwa kwa jina la kazi yake ya kwanza, Mwalimu. Ikiwa aliyeongoza taifa zima aliweza kuwa jirani wa watu, aliyeongoza idara yaweza kumshinda nini?

Ya tatu ni tofauti zetu. Wakaguru ni wenyeji wa Gairo; upande wa magharibi ni kwa Wagogo; wafugaji wa Kimasai wamo; na barabara imeleta watu wa kila mkoa. Waanglikana walianza misheni zao Ukaguru tangu karne ya 19, na Waislamu ni majirani zetu wa siku zote. Huyu asema, “Tumsifu Yesu Kristu,” yule asema, “Bwana asifiwe,” na mwingine asema, “Asalaam aleikum.” Wengine wetu, kwa kuogopa kukosea, hunyamaza. Kunyamaza ndiko kukosea. Jirani akikutakia amani kwa maneno ya dini yake, mjibu kwa moyo mweupe, maana amekutakia jambo jema. Waislamu hufundishwa kwamba aliyepanda mnyama amsalimu atembeaye kwa miguu, atembeaye amsalimu aliyeketi, na wachache wawasalimu wengi. Mkristu mwenye gari ampitaye mzee njiani na kumwachia vumbi tu, anayo mengi ya kujifunza hapo.

Wasomaji wapenzi, tusidhani kwamba twazungumza habari za adabu tu, kana kwamba imani yetu haimo. Mtakatifu Luka atusimulia kwamba Elizabeti, mwanamke mwenye umri mkubwa, alijificha nyumbani muda wa miezi mitano. Ndipo Bikira Maria, binti kijana, akasafiri kwa haraka mpaka nchi ya milima, akaingia katika nyumba ya wazee wale, akamsalimu. Mwinjili hakuandika maneno ya salamu ile. Pengine yalikuwa maneno ya kila siku, kama yetu ya asubuhi. Aliandika matokeo yake: mtoto akaruka tumboni kwa furaha, na mama yule mzee akajazwa na Roho Mtakatifu. Mzee aliyekaa ndani muda mrefu, kijana aliyepanda mlima, na neno moja mlangoni: Mungu alipenda kufanya kazi yake kwa njia hiyo.

Tena jioni ile ya Ufufuko Mitume walikuwa wamejifungia milango kwa hofu. Bwana hakungoja wafungue. Alisimama katikati yao, na neno lake la kwanza lilikuwa la amani. Hakuanza kwa kuwauliza walikuwa wapi siku ya Ijumaa. Naye Mtakatifu Paulo, mwishoni mwa barua yake kwa Warumi, awasalimu watu wengi kwa majina yao, wanaume na wanawake, na miongoni mwao mama yake Rufo, ambaye Mtume amhesabu kuwa mama yake mwenyewe. Ni nani kati yetu aweza kuwataja kwa majina wazee wote wa mtaa wake?

Kila Dominika padre hutusalimu altareni nasi twamjibu. Twapeana amani na aliyeketi karibu nasi, hata kama hatumjui. Lakini nusu saa baadaye watu wale wale hukutana njiani wakapitana kama miti. Amani iliyotolewa kanisani na kuishia mlangoni mwa kanisa haijawafikia wale iliyotumwa kwao.

Sasa tuseme jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa. Sisi Waswahili tuna desturi njema ya kujibu kwanza kwa shukrani. Ukimwuliza mzee, “Habari za kuamka?” atajibu, “Njema.” Ukimwuliza, “Hujambo?” atajibu, “Sijambo.” Atajibu hivyo hata kama hakulala usiku kucha, kwa kuwa kuwa hai ni sababu ya kutosha ya kumshukuru Mungu. Kisha atanyamaza kidogo, akivuta pumzi, na ndipo atasema, “Ila…” Ila mguu huu. Ila dawa zimekwisha. Ila mtoto wangu hajapiga simu tangu mwezi uliopita. Ila mwenzangu angali kitandani. Habari hasa hukaa nyuma ya neno hilo dogo. Na wengi wetu, likifika, tumekwisha kupita. Tumeuliza tukitembea, tukajibiwa “njema” kwa migongo yetu, tukaridhika kwamba tumesalimu. Basi kusalimu ni kusimama. Asiyeweza kungoja neno “ila” ametimiza desturi, lakini jirani yake hajamwona.

Kutokana na hayo yatupasa kuweka mambo machache katika matendo.

Wazazi, wafundisheni watoto wenu kumwamkia kila mzee wa mtaani, awe tajiri au maskini, awe wa dini yetu au siyo. Mtoto wa Kimasai huinamisha kichwa ili mzee amguse utosini. Wa kwetu aseme “shikamoo” akisimama, asiseme akikimbia. Nanyi wazee, itikieni “marahaba” kwa sauti, mkamwulize mtoto jina lake na la wazazi wake. Mtoto aliyeitikiwa vizuri kesho atarudi. Aliyepuuzwa mara tatu atapita njia nyingine.

Mstaafu aliyehamia mtaa mpya asikae ndani akingoja kutembelewa. Mgeni na ajitambulishe kwa majirani na kwa jumuiya ndogo ndogo ya mahali hapo. Nayo jumuiya isingoje mpaka mzee augue ndipo isali nyumbani kwake. Wakati mwingine mzee hajibu salamu kwa sababu masikio yamepungua au macho hayaoni mbali. Msogelee, utaje jina lako, useme tena, kabla hujamhukumu kuwa na kiburi.

Watoto wakaao Dar es Salaam au Dodoma hutuma fedha na kupiga simu, nasi twawasifu kwa hilo. Lakini simu haioni kama moshi umefuka jikoni. Hilo huliona jirani.

Na hodi. Adabu yetu ya kale yatufundisha kupiga hodi mara tatu, na asipopatikana wa kuitikia, kuondoka kwa amani. Ni adabu njema, yalinda faragha ya nyumba. Lakini kwa mzee akaaye peke yake, hodi ya tatu isiyojibiwa isiwe ruhusa ya kwenda zetu. Na iwe sababu ya kuuliza nyumba ya pili, kumwita mjumbe, kutafuta mwenye ufunguo. Mzee aliyeanguka bafuni hawezi kusema “karibu.” Jirani aliyezoea kusikia salamu yake kila asubuhi ndiye atakayegundua, kwa kutoisikia, kwamba kuna jambo. Hivyo salamu ya kila siku ni ulinzi kushinda geti la chuma.

Twajua jinsi watu wetu walivyo wema wakati wa msiba. Majirani huja, huchanga, huchimba kaburi, hukesha. Mwishoni sote hujipanga mstari kuuaga mwili. Ni huzuni kubwa ikiwa katika mstari ule yumo mtu amwagaye kwa heri jirani ambaye hakupata kumwambia habari za asubuhi.

Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, iadhimishwe Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Ni vema kuiadhimisha kwa Misa na kwa zawadi. Lakini mzee huamka siku zote za mwaka, na asubuhi za baridi huamka mapema kuliko sisi. Basi kesho, kabla ya kwenda shambani au kazini, kila mmoja wetu asimame kwenye mlango mmoja wa mzee, apige hodi, aulize ameamkaje, naye asiondoke mpaka amesikia jibu lote.