Mkate wa Mwenzio na Mpaka Uliofungwa



Muhula uliopita, baada ya swala ya Isha, darsa letu liligeuka mjadala. Mada ilikuwa tauni katika vitabu vya fiqhi, na ndugu mmoja akauliza swali ambalo wengi tulidhani limeshapitwa na wakati: je, wakati wa korona masharti yalichelewa kulegezwa? Hapo hapo ukumbi ukagawanyika. Upande mmoja ukaja na hadithi mashuhuri ya Mtume (s.a.w.) inayokataza kuingia nchi yenye tauni, na kutoka humo ikiwa imekukuta ndani. Upande wa pili ukaja na njaa. Wa kwanza wakauliza roho ya mtu ina bei gani, wa pili wakauliza kama anayekufa kwa njaa yeye hana roho.

Mimi nilinyamaza, na wanaonijua walishangaa. Mwaka 2020 niliushinda mjadala huo huo nyumbani kwetu Gisenyi, na niliyemshinda ni shangazi yangu.

Kwa msomaji asiyeijua Gisenyi, mji wetu na Goma ni kama nyumba mbili zenye ua mmoja. Kabla ya korona, makadirio yaliyokuwa yakitajwa ni watu wapatao 50,000 kwa siku katika kivuko cha Petite Barrière peke yake, wengi wao akina mama wenye beseni kichwani: karoti, nyanya, dodo, maziwa, sambaza wa Ziwa Kivu. Mama anavuka asubuhi, anauza Goma, na jioni anarudi na unga wa usiku ule pamoja na mtaji wa kesho. Biashara hii haina ghala wala akaunti ya benki. Siku moja bila kuvuka, mtaji unaanza kuliwa.

Maradhi mpakani hayakuwa mageni kwetu. Julai 2019 Ebola ilifika Goma, tukazoea kunawa mikono na kupimwa joto bariyerini. Tarehe 1 Agosti mwaka ule mpaka ulifungwa, na ukafunguliwa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini tarehe 14 na mipaka ikafungwa wiki iliyofuata, shangazi hakuhangaika sana. Alikuwa amewaachia wateja wake wa Goma sambaza kwa mkopo. Alisema atazifuata pesa zake wiki ijayo.

Mipaka ya nchi kavu ilikuja kufunguliwa rasmi tarehe 7 Machi 2022.

Katikati palikuwa na hatua nyingi za kulegeza. Tarehe 4 Mei 2020 amri ya kubaki nyumbani, guma mu rugo kama tulivyoiita sote, ilipunguzwa makali. Mwanzoni mwa Juni safari za mkoa hadi mkoa na pikipiki za abiria zikaruhusiwa, isipokuwa Rubavu na Rusizi, wilaya za mpakani. Redioni tukasikia Kigali watu wanapanda moto, na sisi tunahesabu siku. Misikiti ilianza kufunguliwa Julai kwa masharti, Ramadhani na Idi zikiwa zimeshapita tukiswali majumbani.

Jioni moja ya Juni shangazi alisema maneno ambayo sijayasahau: kwamba wanaosema tungoje ni wale wenye mshahara unaoingia hata wakiwa wamelala. Baba ni mwalimu, mshahara wake uliingia. Babu yetu, baba yake shangazi, alikuwa na sukari na kifua kibovu, na alikaa chumba cha nyuma. Mimi, mwanafunzi wa sekondari mwenye hadithi mbili kichwani, nikamjibu shangazi kwa hadithi ya tauni, kisha nikamwuliza kama anataka kumwua Babu. Alinyamaza. Nikaona nimeshinda.

Sijabadili msimamo wangu kwamba kufunga kulikuwa na hoja. Babu hakuugua. Hata hivyo nilisoma nusu ya kisa, na nadhani upande wa kwanza pale ukumbini nao ulisoma nusu hiyo hiyo.

Kila mtu anakitaja kisa cha Sargh. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, akawataka ushauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikuraishi. Makundi mawili ya kwanza yakahitilafiana, naye akaamua kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, na jibu lake, kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah, linahifadhiwa na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tauni ile ya Amwas ilimchukua Abu Ubayda mwenyewe. Lakini wanahistoria wanaeleza pia kwamba tauni ilipotulia Umar alikwenda Sham, na kazi mojawapo aliyoifanya ni kugawa mirathi na kupanga haki zilizovurugika kwa vifo vile. Aliyegeuza ngamia wake njiani alirudi kufunga hesabu. Sehemu hii sikumbuki kuisikia katika hotuba yoyote ya mwaka 2020, wala 2022.

Sasa tuje kwenye kanuni. Majalla, sheria iliyokusanywa na wanazuoni wa dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, inazipanga kanuni za fiqhi mwanzoni mwake. Ya 21, kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, tunaijua hata sokoni. Ya 22 inasema dharura hupimwa kwa kadiri yake. Mjadala wa kulegeza au kutolegeza ulikuwa, kwa kweli, mjadala wa kanuni hii, na kipimo hicho hakikuwa kigumu kama tulivyodhani. Biashara ya vikundi ni mfano: akina mama wenye uwezo walichanga mizigo ikavushwa kwa lori badala ya kuvuka wenyewe. Mfano mkubwa zaidi ni usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na maelfu ya watu wa Goma wakakimbilia kwetu. Bariyeri iliyokuwa imefungwa kwa ajili ya ugonjwa ilifunguliwa usiku ule ule. Dharura kubwa iliitangulia dharura ndogo, na walioamua hivyo walipima vizuri.

Kanuni iliyonikosesha usingizi ni ya 33, kwamba kulazimika hakuifuti haki ya mtu mwingine. Mfano wake ni mwepisi. Mtu amezidiwa na njaa, akala mkate wa mwenziwe. Dhambi hana, maana kuokoa nafsi ni wajibu. Lakini njaa ikimwondoka, atalipa thamani ya mkate.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Sisi nyumbani tulikuwa tumekula mkate wa shangazi.

Nilipoyasema haya darsani, hatimaye, ndugu mmoja wa mwaka wa tatu alinipinga, na pingamizi lake si la kupuuza. Alisema hakuna aliyeula mkate wake. Njia ilifungwa tu, na faida ambayo mtu hajaipata haina dhamana katika fiqhi. Ukilipa kila aliyekosa kuuza, Bayt al-mal gani itatosha? Nakiri kwamba mbele ya kadhi shangazi angeshindwa. Hakuna aliyemwaga sambaza wake. Mtaji aliula mwenyewe, yeye na watoto wake watatu.

Lakini kanuni ya 87 ipo pia: mwenye kupata manufaa ndiye abebe gharama yake. Manufaa ya ule mpaka kufungwa yalienda kwa nani? Kwa Babu, kwa Baba, kwangu, kwa wazee wa Musanze na Huye ambao hawajawahi kuiona Petite Barrière. Gharama ilibebwa na beseni. Tunaposema madhara ya wachache huvumiliwa kuzuia madhara ya wengi, na kanuni hiyo ni sahihi, tusijifanye kwamba wale wachache walijitolea. Waliteuliwa na jiografia.

Si kwamba hakuna kilichofanyika. Chakula kiligawiwa, na shangazi alipata mgawo na akashukuru. Juni 2020 ukaanzishwa mfuko wa kunusuru uchumi wa faranga bilioni 100, na sehemu kubwa ikaelekezwa kwenye mahoteli. Hoteli ina vitabu vya hesabu vya kuonyesha hasara, mama wa sambaza hana. Ila siandiki haya kuielekezea serikali kidole, kwa sababu kuna mdeni wa karibu zaidi. Msikitini tulichangia futari za walio masikini tangu zamani. Waliokuwa na riziki yao mpaka Machi 2020, kisha wakaipoteza kwa ajili yetu, hatukuwatenga kama kundi lenye haki. Tuliwaita masikini na tukawapa sadaka. Mwenye deni akimpa mdai wake sadaka, deni limepungua?

Babu alifariki 2023 kitandani kwake, shangazi akiwa amemshika mkono. Yeye sasa anauza dodo soko la Mbugangari kwa mtaji wa kukopa. Likizo hii nilikaa naye gengeni, nikamwomba radhi kwa yale maneno ya Juni. Akacheka, akasema nilikuwa mtoto. Nikamwuliza alipoteza kiasi gani. Alidhani namtania. Kisha akaacha kufunga mafungu, akaanza kuhesabu kwa vidole: deni la Goma ambalo wateja walihama nalo, mtaji wenyewe, na simu aliyoiuza. Ilifika faranga 214,000.

Nimeiandika namba hiyo kwenye daftari la usuli, na jioni ile nikamwonyesha Baba. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniomba kalamu, akaongeza ada yangu ya muhula wa kwanza wa 2020, ambayo sikujua ni nani aliyeilipa.