Mwanamuke Mwenye Kupindana Mugongo, na Kisu cha Munganga

Maandiko ya kusoma: Luka 13:10-17; 2 Wafalme 20:1-7; 2 Mambo ya Nyakati 16:7-14



Habari ya mwanamuke wa Luka 13 haipatikani kwa Matayo, wala kwa Marko, wala kwa Yoane. Ni Luka peke yake aliyeiandika, na Paulo anatujulisha katika barua kwa Wakolosai kwamba Luka alikuwa munganga. Haya ni mawazo yangu tu, lakini naona ni jicho la munganga lililoushika mugongo ule. Anatoa hesabu ya miaka, 18. Anaeleza namna ugonjwa ulivyo: mama alipindana, hakuweza kujinyoosha kamwe.

Miaka 18 ni mingi. Mutoto anazaliwa, anasoma, anaoa, na mama yuko anatazama vidole vya miguu yake. Sisi watu wa Katanga tunaujua mugongo huo. Ni mugongo wa mama mwenye kubeba bido ya maji ya litre 20 kila asubui tangu alipokuwa binti. Ni wa kijana mwenye kusukuma kinga yenye mifuko ya makala kutoka pori mpaka mujini, na wa muchimbaji mwenye kutambaa ndani ya shimo. Tena ni wa fundi wa simenti, na hapo ninajisema mimi mwenyewe, maana mbele ya kuwa muchungaji nilibeba mifuko ya kilo 50 muda wa miaka mingi.

Sasa mutazame mukubwa wa sinagogi. Alipoona mama amenyooka, alikasirika. Lakini musome vizuri: hakukataza watu kupona! Alisema kuna siku sita za kazi, waje kupona siku hizo. Yeye alikataza siku tu. Alitaka uponyaji upite katika mulango wenye yeye anaujua. Na Bwana akamujibu kwa habari ya ngombe na punda, wanyama wenye kila mutu anawafungua siku ya sabato na kuwapeleka kunywa maji.

Neno hili linatugusa sisi, kwa sababu kati yetu kuko wenye kusema: Mungu anaponya, ndiyo, lakini kwa mulango mumoja, kwa kuwekewa mikono na kwa maji ya maombi. Mwenye kuenda kwa munganga amekosa imani. Wazee wawili walikuja kwangu usiku kuniambia neno hilo kwa heshima. Ninawashukuru, maana walikuja nyumbani, hawakusema barabarani. Maneno yao yalikuwa haya: Muchungaji, tunasikia utapasuliwa mugongo mwezi kesho. Wewe unawaombea wagonjwa. Watu watasema nini?

Ni swali la kweli, na ninalijibu hapa mbele ya wote.

Wazee walinisomea habari ya mufalme Asa. Aligonjwa miguu, akatafuta waganga, akakufa. Ni kweli, imeandikwa. Lakini mwanzo wa sura ile unaonyesha Asa alivyotoa feza na zahabu katika nyumba ya Mungu ili kununua urafiki wa mufalme wa Siria. Na mwonaji alipomukemea, akamutia katika kifungo. Yule ni mutu aliyekwisha kufunga mulango wa Mungu mbele mguu haujaanza kuuma. Kosa lake ni kwamba hakumutafuta Bwana. Kama angalimutafuta Bwana kwanza, waganga wangalikuwa mukono wa Bwana.

Tunajuaje? Kwa Hezekia, mufalme wa Yuda kama Asa. Aligonjwa karibu ya kufa. Akageuza uso kwa ukuta, akaomba, akalia. Mungu akamusikia, akamuongezea miaka 15. Kisha nani alisema walete mukate wa tini wauweke juu ya jipu? Ni Isaya, nabii mwenyewe! Mutu aliyetoka kupokea neno la Mungu sasa hivi, na neno liko bado moto kinywani mwake, ndiye anaagiza dawa. Sisi ni kanisa lenye kuheshimu manabii. Basi tumuheshimu Isaya hata anapoomba tini.

Tukumbuke vilevile mambo ya Kongo yetu. Mwaka wa 1921, Simon Kimbangu alipoanza kuombea wagonjwa kule Nkamba, watu walitoka hata katika vitanda vya hospitali za misioni kumufuata. Aliwaambia watu waharibu minkisi. Serikali ya Wabelgiji ilimufunga mwaka uleule, akakaa kifungoni miaka 30, akafariki hapa Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Na Kanisa lililotoka katika kazi yake lilifanya nini? Lilijenga hospitali na zahanati. Walitupa minkisi, wakashika dawa, na sijasikia mutu anasema wamesahau Nkamba.

Wengine wanaogopa usingizi wa kupasuliwa kuliko kisu chenyewe. Mama mumoja aliniuliza: roho inaenda wapi wakati ule? Nikamufungulia Mwanzo sura ya 2, pale Mungu alipomulaza Adamu usingizi muzito, akatoa ubavu, akafunga nyama mahali pake. Munganga James Young Simpson wa Edinburgh, aliyeanza kulaza wamama wa kuzaa kwa dawa ya kloroforme mwaka wa 1847, alipopingwa na watu wa dini aliwaonyesha andiko lilelile. Adamu aliamuka, akakuta muke. Mimi muke ninaye tayari. Nitashukuru nikikuta mguu umepoa.

Maana wengi hawajui ni nini kitakachopasuliwa. Katikati ya mifupa ya uti wa mugongo kuko vitu kama vimito, inje vigumu, ndani laini. Vinapokea uzito wa mwili. Kimito kikipasuka, ule ulaini unatoka na kukandamiza mushipa wenye kushuka katika mguu. Ndiyo sababu mugongo ndio mugonjwa lakini mguu ndio unalia, tangu tako mpaka kisigino, kama moto. Munganga anafungua kidogo, anatoa kipande kinachokandamiza, anafunga. Hakuna kitu cha uchawi ndani yake.

Tena munganga aliniambia bila kuficha: wagonjwa wengi wa namna hii wanapona bila kisu, katika majuma ao miezi, kwa kutembea, kwa mazoezi na dawa. Kisu ni kwa wenye mguu umekataa kutulia ao umeanza kulegea. Mimi nimeumwa miaka 11, na tangu mwaka jana kidole kikubwa cha mguu wa kushoto hakiinuki tena. Aliniambia mguu una tumaini kubwa. Mugongo wenyewe, alisema, labda. Nilipenda neno lile labda. Mutu mwenye kukuambia labda hakuuzii kitu.

Hapa ninasema kwa nguvu, na viongozi wote wa vyumba vya maombi wasikie. Mugonjwa wa mugongo akishindwa kuzuia mukojo ao choo, ao asisikie kitu mahali pa kukalia, ao miguu yote miwili ikizimika, musimulalishe katika chumba cha maombi hata usiku mumoja. Mumuombee ndani ya motokari, njiani mwa hospitali. Saa zikipita, miguu hairudi. Na mwenye mugongo wa kuuma pamoja na homa, jasho la usiku, kukonda, ao kibyongo kinachoanza kutoka, huyo anaweza kuwa na kifua kikuu cha mifupa. Kinapona kwa vidonge, lakini ni vidonge vya miezi mingi, na asiache katikati kwa sababu ameota ndoto nzuri.

Neno lingine, wapendwa. Mama wa Luka 13, Bwana alisema Shetani ndiye aliyemufunga. Alisema Shetani. Hakusema jirani, wala shangazi yake, wala mutoto wa ndugu. Alimuita binti wa Abrahamu. Kuna watu wanatembea katika parokia wakisema mugongo wa muchungaji umefungwa na mutu wa jamaa yake. Ninakataza. Hakuna mutoto wala mama muzee ataitwa mulozi kwa ajili ya mugongo wangu. Mugongo wangu ulifungwa na simenti.

Je, ninatumaini? Sana. Ninaingojea siku ile kama watu wanavyongojea treni ya kuenda Kindu: mutu amefunga mizigo yake, anakaa, anaimba, na hamuulizi mukubwa wa stasio kila saa. Ninatamani kupiga magoti tena na kuinuka bila kushikwa na mashemasi wawili. Ninatamani kumubeba mujukuu wangu. Nimeyaomba hayo kwa Mungu kwa majina yake. Paulo aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, na jibu alilolipata halikuwa lile aliloliomba, lakini alipata jibu, tena aliendelea na kazi. Mimi nimeomba zaidi ya mara tatu. Nikiamuka mugongo unauma bado, nitabaki muchungaji wenu mwenye kuumwa mugongo, kama leo.

Sasa mambo ya mikono. Hospitali inaomba feza mbele, na deni likibaki mugonjwa anaweza kuzuiliwa baada ya kupona. Kwa hiyo mashemasi wataandika kila kitu katika daftari, na kila mutu ataweza kulisoma. Mwenye hana feza asione haya. Damu inahitajiwa pia: vijana wanne wapimwe mbele ya siku ile. Wamama wa chama wamekwisha kugawana siku za kupika. Siku yenyewe, kuanzia saa moja ya asubui, tuombee pia mikono ya munganga na macho ya wauguzi. Na tangu leo, katika ibada, wazee na wenye kuumwa mugongo waombe wakikaa juu ya kiti. Mungu anasikia vilevile.

Baada ya hapo nimekatazwa kubeba kitu kizito muda wa majuma sita, na kuinama pia. Basi mukiniona ninatembea mikono mitupu, na mutoto anabeba Biblia na kiti changu nyuma, musiseme muchungaji amekuwa mukubwa.