Saa Hii Ni Yangu au Ni Yetu?

Swali la mwezi huu huenda likakuchekesha. Je, mume aliyefunga ndoa takatifu anaweza kukusanya saa adimu za zamani za wapiga mbizi, hali anaishi Mwingi au Wote, ambako wakati wa kiangazi maji hufukuliwa mchangani mwa mto? Usicheke upesi. Mahali pa saa weka kitu chako wewe: redio za kale, fahali wa kujivunia, vitenge visivyovaliwa. Swali ni lile lile.

Kwanza tumtendee haki mkusanyaji. Saa hizo si upuuzi. Mwaka 1953 kampuni ya Blancpain ya Uswisi ilitoa saa iitwayo Fifty Fathoms, yaani pima 50, karibu mita 91. Mwaka 1965 Seiko ya Japani ikatoa saa yake ya kwanza ya wapiga mbizi, ya mita 150. Pete yake ya nje huzungushwa ili mzamiaji ajue amekaa chini dakika ngapi kabla hewa haijamwishia. Uhai wa mtu ulitegemea chombo hicho kidogo, na kupenda kazi njema ya mikono si dhambi. Wakamba, ambao vinyago vyao vimefika pembe zote za dunia, hawana haja ya kufundishwa hilo. (Ajabu ni kwamba saa nyingi za namna hiyo leo hazifai kutiwa majini, kwa kuwa mipira ya kuzuia maji imechakaa!)

Lakini Seiko hiyo ya 1965 huuzwa siku hizi kwa zaidi ya dola 1,000. Hapo ndipo mume husema, "Hii ni akiba." Je, ni akiba ya nani? Tuseme ameificha ndani ya soksi kabatini, kisha Mungu akamwita kesho. Mkewe ataiona saa kuukuu isiyotembea, ampe mtoto achezee, au amwachie fundi wa sokoni kwa bei ya mfuko wa unga. Akiba inayojulikana na mtu mmoja tu hufa pamoja naye.

Kuna jambo jingine linalonishangaza zaidi. Mkusanyaji hodari humhoji muuzaji bila huruma. Je, uso wa saa ni ule wa awali? Mishale imebadilishwa? Kasha limesuguliwa? Kipande kimoja kilichofichwa chaweza kushusha bei sana, naye hukasirika akidanganywa. Kisha mtu huyo huyo anarudi nyumbani, na mama watoto akimwuliza pesa za ndengu zimekwendaje, anajibu, "Gharama zimepanda." Ukweli anaoudai kwa mgeni anamnyima aliyeapa naye mbele ya altare.

Mtasema, mbona kina mama nao huficha? Ni kweli, wako walio na mbuzi kwa mama zao na pesa za chama zisizotajwa. Hata hivyo siri zote si sawa. Mke anayeficha karo ili mume mlevi asiinywe anaokoa nyumba, ingawa nyumba iliyofika hapo inahitaji msaada wa padre au wazee haraka. Mtu anayeficha ili tu asiulizwe anakimbia ushirika wenyewe. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1055, huueleza muungano wa ndoa kuwa ushirika wa maisha yote, wala haikuliacha kabati nje. Hata Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya 2013 huhesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba kuwa mchango. Basi yule aliyepalilia ndengu hizo ana sauti katika saa iliyonunuliwa kwazo.

Saa ya mkononi ya mwigizaji Paul Newman wa Marekani iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Haikuwa ya kupigia mbizi, ilikuwa ya mashindano ya magari. Alipewa na mkewe, na nyuma yake yamechorwa maneno ya mke huyo akimsihi aendeshe kwa uangalifu.

Basi, baba, jioni moja watoto wakiisha kulala, zitoe zote mezani. Ile uliyorithi kwa marehemu baba yako kabla ya kuoa, ieleze. Sidhani kuna mke mwema atakayetaka iuzwe. Zile nyingine, taja bei zake bila kupunguza. Kisha kubalianeni: tanki la maji na karo kwanza, halafu kiasi fulani baada ya mavuno kwa kila mmoja wenu, cha kutumia apendavyo. Nawe mama, usianze kwa kulia bei. Mwulize kwanza ile pete huzungushwa kwa nini.