Maji ya Moto na Tohara ya Nguo

Nyumba yenye hita ya jua juu ya paa ina maji ya moto tayari, na anayenunua mashine ya kufulia hushawishika kuiunganisha na bomba la maji hayo. Kwa familia ya Kiislamu lipo swali linalotangulia gharama: je, joto huongeza chochote katika tohara ya nguo? Naamini haliongezi. Kinachotoharisha ni maji, hata yakiwa baridi. Katika hadithi aliyoipokea Asma binti Abubakar, Mtume (s.a.w.) alielekeza damu ya hedhi kwenye nguo ikwanguliwe, ifikichwe kwa maji, kisha isuuzwe; joto halimo. Na damu hiyo hiyo hukazwa na joto: maji ya nyuzi 60 huigandisha kwenye uzi, na doa ambalo maji baridi yangeliyeyusha hubaki la kahawia. Fikihi husamehe rangi iliyoshindikana kutoka, lakini hakuna sababu ya kujitafutia msamaha huo. Mashine inayojipashia maji huanza na baridi ikapanda polepole. Inayoingiza maji ya moto moja kwa moja huliwahi doa kabla halijalegea.

Wapo watakaosema kwamba katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, maji yaliyopashwa na jua ndani ya chombo cha madini kwenye nchi ya joto ni makuruhu. Ni kweli imesemwa, ingawa Imamu Nawawi mwenyewe, alipopima dalili, hakuiona karaha hiyo. Na walioishikilia waliihusisha na mwili, kwa kuhofia maradhi ya ngozi. Nguo haikuingia. Pingamizi zito zaidi ni hili: maji ya mashine hayafiki kulla mbili, takriban lita 200, hivyo yanapokutana na najisi hunajisika. Hapa inafaa kuitazama mashine yenyewe. Ile ya otomatiki huyamimina maji juu ya nguo, huyatoa, kisha huleta mapya. Na maji machache yakiijia najisi iliyokwisha kuondolewa umbo lake, yakatoka bila kubadilika, yametoharisha. Kwenye mashine ya matangi mawili ndiko penye tatizo, maana nguo hutumbukizwa katika maji yaliyokwisha kujazwa. Dawa yake ni kuisuuza kwa maji ya kumiminiwa, na hata hapo baridi yanatosha.

Linabaki suala la afya, nalo silipuuzi. Shuka za mgonjwa zinahitaji joto, na kumlinda jirani wa kitanda chake ni wajibu pia, ila ni wajibu mwingine. Kupasha lita 15 kutoka nyuzi 25 hadi 60 hula takriban uniti 0.6 za umeme; jua likitoa joto hilo, kulitumia kwa shuka hizo na kwa madoa ya mafuta ya jikoni ni kuepuka israfu. Basi fundi aunganishe mabomba yote mawili, mashine ikiyapokea, na maji ya kusuuza yatoke kwenye la baridi.